Wimbo wa Revocatus

Kwenye karatasi ya tamasha la wanafunzi wa kigeni, mwaka 2006, Dorothea aliandika bila kusita: "Wimbo wa Revocatus. Mtunzi: baba yangu." Parokiani kwao, Bukoba, kila mtu aliuita hivyo, na marehemu baba yake, Revocatus, hakupata kupiga fidla harusini asiombwe wimbo huo. Fidla yenyewe ndiyo aliyokuja nayo Guangzhou, China, imeviringishwa kwa kanga.

Siku ya mazoezi, Mwalimu Mildred, Mwairishi aliyewafundisha Kiingereza, aliingia akikanyaga chini kufuata mapigo. Kipande cha tatu alikipiga mluzi kabla Dorothea hajakifikia.

"Nani kakufundisha? Hii ni jigi, muziki wa kucheza wa kwetu Ayalandi. Bibi yangu aliicheza jikoni."

Dorothea alishusha upinde. "Aliitunga nani?"

"Hakuna ajuaye. Kwetu jigi hupewa jina la aliyeipiga vizuri, si la aliyeitunga."

Dorothea akawakumbuka masista wa Ayalandi waliokuwa na zahanati pale parokiani. Baba alikuwa mpishi wao.

Jioni alipanda basi hadi mtaa wa Xiaobei, akampigia mama yake kutoka kibanda cha simu chini ya jengo la Tianxiu. Nyuma yake wafanyabiashara walikuwa wakizozana na wakala juu ya kilo za mzigo.

"Mama, baba aliwahi kusema ameutunga ule wimbo?"

"Hakusema. Watu ndio waliosema. Naye akanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulitaka afanyeje? Siku sita alikuwa mpishi wa masista. Harusini ndiko alikokuwa Revocatus. Mwache alale, mwanangu."

Bwenini alimkuta Jemimah, Mkenya aliyesimamia ratiba ya tamasha. "Wee Dorothea, hii karatasi inachapwa kesho asubuhi! Umekunja uso kwani umemeza ndimu?"

Dorothea akamweleza.

"Acha jina la mzee hapo, bana. Nani atajua?"

"Mimi."

Alichukua kalamu akakata "baba yangu", taratibu, kama anayemzika mara ya pili. Juu yake akaandika: "Hajulikani." Jina la wimbo hakuligusa.

"Kwa hiyo alidanganya?" Jemimah aliuliza kwa sauti ya chini.

Dorothea alikaza nyuzi, akapiga. Kabla ya kipande cha tatu akagonga ubao wa fidla mara mbili kwa kidole, kama baba alivyozoea. Mazoezini Mwalimu Mildred alipiga mluzi bila kugonga hivyo. Angalau hili ni la baba, aliwaza. Kisha upinde ukamganda mkononi, maana hata hili hakuwahi kumuuliza alikolitoa.