Karafuu Hazikuachwa Mvuani

Ilipojulikana kwamba riwaya yangu itafanywa filamu, watu wa kwetu Konde, Pemba, walinipongeza kana kwamba nimejifungua salama. Nilifurahi, sitaki kujitia ukavu. Na niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaotazama filamu huku wakihesabu kurasa zilizorukwa. Filamu ina miguu yake. Mvua niliyoihangaikia kurasa nzima, wao waliileta kwa tone moja tu juu ya bati, nikakiri moyoni kwamba hapo wamenishinda.

Lakini mwisho waliniharibia, na hilo silinyamazii.

Kisa chenyewe si cha kubuni. Mama yangu na wifi yake, yaani shangazi yangu, waligombana kwa neno lililosemwa harusini, wakawekeana nongwa miaka na miaka. Nyumba zao zinatazamana. Walikuwa wakitoleana salamu kwa kuwa salamu hainyimwi Muislamu, kisha kila mmoja anageuza uso wake. Ikaja siku moja ya msimu, mama kaenda msibani kijiji cha pili, karafuu zake zimeanikwa uani juu ya majamvi, na wingu likafunga.

Kwetu Pemba mvua ikitishia, karafuu hazina mwenyewe. Anayeziona ndiye anayezianua, ziwe za ndugu au za hasimu yake, na anayeziacha atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Shangazi akavuka njia. Akakunja jamvi moja baada ya jingine, akayaburura mpaka barazani kwetu, akarudi kwake. Mama aliporudi alizikuta kavu, akaangalia ng'ambo ya njia. Kesho yake alipika mkate wa kumimina akampelekea wifi yake sahani, na sahani haikurudi tupu.

Riwaya yangu inaishia hapo, kwenye sahani. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyesamehe kwa mdomo. Desturi iliwapa njia ya kutendeana wema bila ya yeyote kushusha kiburi chake, na kama wewe huoni kuwa hayo ni mapenzi, basi hujaishi na watu wenye viburi.

Filamu ililetwa Konde, ikaonyeshwa katika ukumbi wa skuli baada ya sala ya alasiri, madirisha yamezibwa kwa kanga ili kuwe na kiza. Mama alikaa pembeni yangu. Tukafika pahala pa mvua. Wanawake wawili wakatoka mbio nyumbani kwao, wakasimama katikati ya uwanja, wakatazamana, wakakumbatiana huku mvua inawamwagikia na fidla zinalia. Nyuma yao majamvi yameloa chapachapa, karafuu zinaelea.

Kisha bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Karafuu zarowa hizo."

"Wazianue kwanza," mwenziwe akamjibu. "Kukumbatiana kutakuja baadae."

Watu wakaangua kicheko, tena pahala palipotengenezwa ili walie. Muongozaji wa filamu, kijana aliyetoka Dar es Salaam, alinijia mbio tulipokuwa tunatoka.

"Dada, walikuwa wanacheka nini?"

"Karafuu," nikamwambia.

Akanieleza kwa upole kwamba watazamaji wa nje hawajui mambo ya karafuu, ila kukumbatiana kila mtu anakujua. Nikamwambia ndiyo maana watu huandika vitabu, ili wasiojua wajue. Akatabasamu tabasamu la mtu anayemvumilia mkubwa wake. Lilinikera kuliko filamu yenyewe.

Mama hakucheka. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Mie watanisema, si neno, n'takwenda kuwajibu," akasema. "Lakini wifi yangu yuko kaburini. Wamemfanya mwanamke aloacha karafuu za mwenziwe zikarowa. Nani atamjibia?"

Wiki ile ile mchapishaji wangu akanipigia simu, sauti yake imejaa bashasha. Filamu imependwa, anataka kukichapa kitabu upya, jaladani iwekwe picha ya wale wawili wanakumbatiana. Ila sura ya mwisho niibadilishe ifuatane na filamu, maana msomaji akitoka huko akaja kukuta sahani ya mkate ataona kapunjwa.

Sikuomba hata muda wa kufikiri. Nikamwambia hapana.

Akasema basi hatakichapa tena, na kitabu kisichochapwa kinakufa. Ni kitabu changu pekee, na nakala nilizobaki nazo zinaenea kwenye kikapu kimoja. Lakini akilini nilimuona shangazi anavuka njia, wingu limefunga, hakuna anayemtazama wala atakayemshukuru. Filamu ishamuacha mvuani. Mimi simuachi.

"Nife nacho," nikamwambia, "lakini karafuu zitabaki kavu."

Nilipokata simu mama alikuwa barazani, kasikia yote. Akanisogezea mkeka nikae.

"Umemjibu vyema," akasema. Akaitazama nyumba ya ng'ambo, ambamo sasa wanakaa wajukuu wa shangazi. "Kukumbatiana wanokutaka wao, sisi hatukukumbatiana hata siku moja maisha yetu. Siku alofariki n'lisema asiguswe mpaka nije mie. Mie ndo n'lomkosha kabla hajavikwa sanda. Ilibidi ainuliwe ili maji yapite mgongoni, n'kamwinua, n'kamlaza hapa kifuani pangu." Akajipigapiga kifua kwa kiganja. "Hilo hukuliandika."

Sasa nimeliandika, na asije mtu kuniambia nilibadilishe.