Mzamiaji wa Bukima na Boti ya Kisorya

Pale Bukima, Yusto alijulikana kama mtu wa vizimba vya kufugia samaki, yule anayeingia ziwani asubuhi na kutoka na gunia la sato waliokufa. Wachache walijua kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwaongoza watalii chini ya bahari: Mafia, kuwaonyesha papa potwe wenye ukubwa wa basi dogo, kisha Pemba, kwenye kuta za matumbawe zinazoshuka hadi jicho linaposhindwa. Mama yake alipougua, alirudi nyumbani akisema atakaa miezi mitatu. Mama akafa, Yusto akabaki. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri, na magoti yalimuuma kila alipotoka majini.

Isidori alimfuata huko huko vizimbani. Alikuwa kijana aliyefungua ofisi ya utalii Mwisenge, juu ya duka la dawa. Alitoa simu akamwonyesha picha moja baada ya nyingine: sanamu zilizozamishwa baharini huko Meksiko, shimo la buluu la Belize, meli ya mizigo ya wakati wa vita iliyolala chini ya Bahari ya Shamu na pikipiki zake bado ndani. Wageni wake, alieleza, wanamaliza Serengeti, wanapita Butiama kwenye makumbusho, wanalala Musoma usiku mmoja, wanaondoka. Kungekuwa na kitu cha kuona chini ya ziwa, wangelala siku mbili. Tena kuna mgeni ameshakubali kuja, mama wa Kijerumani wa miaka sitini na kitu, aliyezamia karibu dunia nzima.

"Nimemwahidi boti ya Kisorya, mzee," Isidori alisema. "Wewe ndiye unayeijua."

Yusto aliijua. Miaka sita nyuma, boti ya mbao iliyobeba mahindi na abiria ilizama nje ya Kisorya, na wazamiaji walipotafutwa, alipatikana yeye na wenzake wawili. Kwa siku nne alitoa watu kumi na mmoja kwa mikono yake. Wa kumi na mbili, Makoye, hakuonekana. Tangu hapo Yusto alikuwa akilala vibaya, hakumwambia mtu, akaendelea na kazi.

Alimwambia Isidori asubiri. Jumamosi alipanda gari hadi Bunda, akabadilisha, akafika Kisorya mchana jua likiwaka. Alimkuta Susana, mjane wa Makoye, akigeuza dagaa juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za watoto. Kisha Yusto akamweleza alichoombwa, bila kupunguza.

Susana aliendelea kugeuza dagaa.

"Huko chini kuna baridi, Baba Eliud?"

"Baridi kidogo, Mama Kulwa. Siyo sana."

"Na hao wageni watapiga picha?"

"Watapiga. Huwaga wanapiga."

Alinyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye kanga. "Siku ile watu walipigaga picha. Kulwa wangu mpaka leo akishika simu ya mtu anaogopa atakutana nazo. Mimi nimechoka. Sina nguvu ya kumkatalia mtu. Ila umeniuliza, nimekwambia."

Alimfungia dagaa kwenye gazeti kwa ajili ya mke wake. Njiani Yusto alikaa na kifurushi hicho magotini, na kabla ya kufika Bunda alikuwa amempigia Isidori kumwambia kwamba kwenye boti ile hataenda, na akitafuta mwingine wa kumpeleka mgeni, yeye Yusto atakuja kumsimulia huyo mgeni mwenyewe ni akina nani waliofia pale. Isidori alilalamika sana. Mwisho akauliza, sasa amwonyeshe nini.

"Furu," Yusto alisema.

Alikuwa akiwaona miaka yote, wale samaki wadogo ambao wavuvi huwatumia kama chambo. Nje kidogo ya Musoma kuna miamba inayoshuka majini, na katika nyufa zake furu wanaishi ukoo kwa ukoo: mwenye mgongo mwekundu, mwenye ubavu wa buluu, mweusi mwenye pezi la njano. Wengine huwabeba watoto wao mdomoni.

Mgeni alikuja. Yusto alimwambia mapema kwamba maji ni ya kijani, hataona zaidi ya mita moja na nusu, na kichocho kipo. Mgeni alicheka, akasema daktari wake ameshamwambia. Walishuka mita nne tu. Mwanzoni mgeni alimulika tochi huku na huko kama mtu aliyepotea. Kisha Yusto akamshika mkono, akamtuliza mbele ya ufa mmoja, wakangoja. Furu mmoja akatoka, kisha mwingine, na jike mwenye mashavu yaliyojaa akatema watoto wake mbele ya miwani yao, akawazoa tena. Mgeni hakusogea. Walikaa hapo hadi hewa kwenye mitungi ilipokaribia kwisha.

Juu, mgeni alikaa ukingoni mwa mtumbwi, kisha akaomba warudi kesho. Isidori aliangalia video aliyopiga mgeni, akaona ukijani mtupu na vitu vinavyopita upesi. Alisema hii hataweza kuitangaza. Yusto alimwambia labda ni kweli. Hakuwa na nguvu za kubishana, na mgongo ulikuwa unamuuma.

Kesho yake walirudi kwenye ufa ule ule. Jumatatu mgeni aliondoka, naye Yusto alikuwa vizimbani Bukima kabla jua halijapanda, akishona wavu ulioliwa na fisi maji na kujaza gunia.

Aliporudi mchana, mkewe Boke alimpakulia ugali na kumuuliza yule mzungu alikuja mbali hivyo kuona nini hasa. Yusto alianza kumweleza habari za jike na mashavu yake. Alifika pale anapowatema watoto, akalala na tonge mkononi. Boke alilitoa vidoleni taratibu, akamwekea mto.