Mume Asiyekula Nyumbani

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma, na mimi na watoto tulipanga Mlandege, Iringa mjini. Kila akipita alishusha tenga la nyanya za Ilula mlangoni, halafu asile. Nampikia ugali, nachinja kuku, anamega matonge mawili anasogeza sahani. Usingizi hana, macho mekundu, maneno hana. Akiondoka namalizia chakula chake kilichopoa, peke yangu mezani.

Kwetu Iringa mwanaume asiyekula kwa mkewe ana maana moja tu. Jirani yangu, tunayeimba naye kwaya usharikani, hakunizungusha: aliniambia mume wangu anapikiwa na mwanamke Mbeya, kule anakolaza gari. Nikaamini. Nililia, kisha hasira zikanipanda. Nikavaa raba, maana na viatu vya kanisani huwezi kupigana, nikamwachia jirani watoto, nikapanda basi la Mbeya kumrudisha mume wangu.

Gesti anayolala niliitambua kwa lori lake pale nje. Mchana kweupe, mlango haujafungwa. Nikasukuma, nikatazama kitandani, nyuma ya mlango, hadi bafuni. Mwanamke hayupo. Yupo yeye mwenyewe, shavu limetuna, mapajani kifurushi cha majani ya mgomba yenye unyevu, na ndani yake vijiti vyembamba vya mirungi. Alikuwa anabandua ganda kwa meno, anatafuna pamoja na bablishi kuua uchungu. Madereva wanaitafuna wasisinzie barabarani, na ikifukuza usingizi inafukuza na njaa. Ukikamatwa nayo ni jela.

Jamani! Mwanamke ningemkamata nywele. Majani nayakamata wapi?

Akanivuta nikakaa. Hapo ndipo aliponiweza, maana aliongea. Yule bwana aliyekuwa bubu nyumbani aliongea mpaka jua likazama, hamalizi hili ameshaingia lile. Ataacha lori. Tutapata shamba Ruaha Mbuyuni, tulime vitunguu, watoto watuone wote wawili.

"Mama watoto, nyumba tutaielekeza mtoni," akasema. "Wewe utakaa kibarazani, mimi nitakuletea chai."

Tangu anioe hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikamuuliza kibaraza kitakuwa na ukubwa gani, akanipimia kwa hatua pale chumbani, kutoka dirishani mpaka kitandani. Majani nikayasahau kabisa. Nilipitiwa na usingizi yeye bado anatafuna na anaongea, nikijua nimeshampata mume wangu.

Asubuhi kifurushi kilikuwa kitupu. Mwenyewe amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imemkauka, anatazama sakafu. Nikatoka kumtafutia chai na chapati za moto, nikamwekea karibu, nikamuuliza lile shamba tutaanza kulitafuta lini.

"Shamba gani?" akasema, na sahani akaisogeza.