Kaburi la Nne

Ketrina ni mthamini wa nyumba na mashamba, mwenzangu ofisini hapa Tunduma, na ni mbishi kupita kiasi. Simu ikimwambia jambo, lazima aende akalione kwa macho yake. Zamani nilimcheka kwa hilo. Sicheki tena.

Kazi za benki hazina maneno: benki inatuma, sisi tunapima. Watu binafsi ndio wenye mambo. Hao tunawatumia fomu kwenye simu, mteja anajaza ukurasa wa kwanza mwenyewe, kisha tunakwenda kukagua na kupiga picha. Enoka aliujaza wake bila kuruka hata mstari mmoja. Shamba la kahawa la marehemu baba yake, huko Mbozi, linauzwa. Nyumba moja, wakaaji sifuri, makaburi manne. Wanunuzi wa siku hizi huulizia makaburi kabla ya maji, maana kuyahamisha ni shughuli.

Ketrina alipofika alikuta jikoni kunafuka moshi. Yunisi, mjane wa marehemu na mama wa kambo wa Enoka, alitoka akijifuta mikono, akaitikia shikamoo, akampeleka makaburini. Kulikuwa na la mumewe na ya wakwe zake wawili. Pembeni ya la mumewe mibuni miwili ilikuwa imeng'olewa, na vigingi vinne vimechomekwa ardhini.

"Hivi vya nini, mama?"

"Kavipiga Enoka Jumapili, tulipotoka kanisani. Sikumwuliza."

Fomu ilikataa kwenda bila picha ya kaburi la nne. Ketrina akampigia Enoka, akamweleza kwamba makaburi ni matatu na nyumbani kuna mtu. Enoka akajibu:

"Acha hivyo hivyo, dada. Mnunuzi anakuja mwezi ujao."

Ketrina akakata simu. Ukienda kumshtaki mtu kwa vigingi vinne, polisi watakwambia urudi kikishatokea kitu. Basi akamsomea Yunisi fomu yote, neno kwa neno.

"Una ndugu wapi, mama? Ondoka leo."

"Dada yangu yuko Kamsamba. Lakini nikienda, mwanangu, si nyumba itakuwa haina mtu kama alivyoandika?"

 Ketrina alifuta manne akaandika matatu, akafuta sifuri akaandika mmoja. Yunisi aliingia ndani, akarudi amevaa kitenge chake cha ibada, akasimama mlangoni apigwe picha.

"Na Enoka ataiona?"

"Ataiona, mama. Mteja hupata nakala ya kila kitu."

"Basi tuma. Ajue kwamba najua."

Ketrina akatuma. Kabla hajafika barabarani, simu ilionyesha kuwa Enoka ameshaifungua.