Bisibisi ya Chifu

Baba mkwe wangu hakuamini vipimo. Kwenye chumba cha injini cha ile boti kulikuwa na vipimo vya kila namna, vya joto, vya mafuta, vya mzunguko, na vyote alivitazama kwa adabu tu, kama mtu anayemsikiliza mgeni muongo. Kisha alichomoa bisibisi yake ndefu mfuko wa nyuma, akagusisha ncha kwenye injini, akabana mpini sikioni, akafumba macho. Hapo alikuwa daktari, nasi wengine ndugu wa mgonjwa, tumesimama kimya tunangoja neno.

Watu walimwita Chifu, kwa kuwa alistaafu akiwa mkuu wa mafundi wa injini melini. Mimi nilimwita baba, maana nimemwoa binti yake. Kazi yangu ni useremala wa makabati na vitanda. Ukoo ule wote ni wa watu wa maji, na mimi ndiye gogo pekee lililotumbukia humo. Siku ya kwanza nilipanda boti ikiwa imefungwa gatini, mbele kamba nyuma kamba, haiendi popote, nikatapika.

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu," mke wangu alinitania, akanisogezea ndoo.

Mke wangu ndiye alikuwa nahodha. Daktari mmoja wa meno wa kwetu alikuwa amenunua boti ya anasa nchi ya mbali, yenye injini mbili, iliyokaa bila kazi mpaka majani ya bahari yakaota tumboni mwake. Akamwajiri mke wangu aende kuiweka sawa na kuileta nyumbani, safari ndefu ya bandari hadi bandari. Akamwachia achague watu wake mwenyewe. Akamchagua baba yake kwa injini, na mimi kwa mbao na jiko.

Lazima niseme safari ile ilikuwa nini kwa mzee. Binti yake alizaliwa yeye yuko baharini, akamaliza shule yeye yuko baharini. Hata posa yangu aliijibu kwa simu huku injini zinanguruma nyuma yake, na mpaka leo sina hakika kama alisema ndiyo au alikuwa akimwambia mtu afunge bomba. Binti naye alipopata unahodha, mzee alikuwa amekwisha kustaafu. Hawakuwahi kusafiri chombo kimoja hata mara moja. Kwa hiyo habari za boti zilipofika, mzee alitoa ovaroli yake sandukuni, akaifua mwenyewe, asimruhusu mtu kuigusa. Mama mkwe alinipigia simu pembeni.

"Baba yako anapiga pasi ovaroli kama bwana harusi," alisema. "Mkimwacha huko mkaja bila yeye, kwangu msikanyage."

Basi tukaingia kazini, kwenye karakana ya maboti iliyonuka rangi na dizeli. Mafuta yakilala muda mrefu huota utelezi mweusi chini ya tangi, na bahari ikichafuka utelezi huo huinuka, ukaziba chujio, injini ikazima saa ile ile unayoihitaji. Mzee alilala kifudifudi, mkono wote ndani ya tangi, shavu limebanwa kwenye chuma, akitoa uchafu kwa vitambaa mpaka vitambaa vikatoka vyeupe. Alibadilisha mikanda, mipira ya pampu, mabomba yote yaliyokakamaa. Mimi nilikata mbao za kuziba madirisha makubwa iwapo mawimbi yatatupanda, nikatia komeo kila kabati na kila droo, maana chombo kile kilitengenezwa kwa watu wa kunywa sharubati bandarini. Chumba kikubwa cha kulala kilikuwa na kioo darini, kipana kama kitanda chenyewe. Mzee alikitazama, akanitazama mimi, akakohoa.

"Kifunike hicho, mwanangu. Mimi na wewe hatuwezi kukaa chini ya kitu kama hicho."

Nikakifunika siku ile ile.

Kila alipowasha injini aliniita chini. Alisikiliza yeye kidogo, halafu ananiwekea mpini wa bisibisi sikioni mwangu.

"Unasikia nini?"

Mimi lugha ya injini sina, nikamjibu kwa lugha ya mbao. "Kama randa kwenye ubao mkavu, baba."

"Hiyo ni sawa. Na hapa?"

"Kama msumeno uliogonga kifundo."

Alitabasamu, akazima, akafungua pampu, akanionyesha beringi iliyolika. Kichwa kikanivimba. Nilijiambia mkwe wangu amenipenda, ananirithisha ufundi, leo hii nami ni mtu wa maji. Sikujiuliza kwa nini yeye anasikiliza kidogo na mimi nasikiliza sana.

Na yalikuwapo mengine ya kujiuliza. Ukimwuliza chai, alikujibu habari za chujio. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, mgongo ndio uliokujibu. Lakini kwenye chumba cha injini kila mtu hupayuka, na hapo katikati yetu ilikuwapo heshima ya mtu na mkwewe, ambayo inaziba mdomo kuliko plasta. Siku moja aliniwekea chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Niliinywa yote, nikasema asante baba.

Ikafika siku ya kujaribu king'ora. Chini kabisa ya chombo, kwenye ngama, maji yoyote yanayovuja ndipo yanapojikusanya, na pale huwekwa kiboya kidogo. Maji yakipanda, kiboya hupanda, king'ora hulia kumwamsha kila mtu. Nahodha alikuwa juu ya ngazi anatutazama. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye ngama, na mzee amesimama chini ya king'ora chenyewe anakaza nati. Nikainua kiboya kwa kidole.

Kilitoka kilio chembamba, kikali, cha kutoboa mfupa. Niliziba masikio kwa bega na kwa kiganja kilichobaki. Mzee alikaza nati yake mpaka mwisho, akageuka kwangu bila wasiwasi wowote.

"Inua basi, mwanangu," alisema. "Tusikie kama kinalia."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Mke wangu alishuka, akakata umeme, kimya kikaingia. Mzee alikiona kidole changu chini ya kiboya. Akakiona na kiganja changu sikioni. Akainua macho taratibu kukitazama king'ora kilichokuwa juu ya kichwa chake, kisha akafuta spana, akairudisha kwenye sanduku mahali pake.

"Kinafanya kazi," alisema, akapanda ngazi akatupita.

Mke wangu alinifuata jikoni, akaketi juu ya gunia la viazi.

"Nilianza kushuku muda mrefu," alisema. "Kila tukiongea kwa simu ananiambia nyumbani kwetu mtandao mbovu. Na wewe ananilalamikia kwamba unaongea kama mwizi."

"Sasa itakuwaje?"

"Huko nje, anayekaa zamu ya injini ndiye aliyeshika roho zetu. Asiposikia, maji yanaingia na sisi tumelala. Angekuwa fundi mwingine yeyote ningemshusha bila kufikiri mara mbili. Lakini huyu nimemngoja tangu nikiwa mtoto."

Akalia. Sikuwahi kumwona mke wangu akilia ndani ya chombo, nyumbani ndiyo, baharini hapana. Iliniuma.

"Nitazungumza naye mimi," nikasema.

"Wewe?" Alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. "Wewe uliyekunywa chai ya chumvi?"

Alisema kweli. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno lolote kuhusu mkuu mwenyewe akiwa hasikii.

Asubuhi ya kuondoka ikafika hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Melini kuna desturi: kabla chombo hakijaacha gati, mkuu wa injini hupanda kwa nahodha, akamwambia injini tayari, ndipo kamba zifunguliwe. Chifu alipanda na ovaroli yake iliyonyooka, mkobani ameshafunga vitu vyake. Alisimama mlangoni mwa chumba cha usukani, hakuingia. Siku zote mzee alimwita binti yake mama, kwa kuwa amebeba jina la bibi yake, mamaye mzee. Siku ile hakumwita hivyo.

"Kapteni," alisema. "Injini tayari. Fundi wako hayuko tayari. Masikio yamekwenda. Nilijua kabla hatujaja huku. Nikajidanganya kwamba huyu mkwe nitamfanya sikio, nifike nyumbani kimyakimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kama kingeniumbua peke yangu nisingejali, lakini nanyi mmo humu humu. Tafuta mwingine. Mimi nitapanda ndege."

Mke wangu alikuwa ametazama mbele, kwenye kioo, mikono juu ya usukani. Alisema jambo kwa sauti ndogo. Mzee hakulipata, akainamisha kichwa. Ndipo binti akageuka mzima mzima, akasogea mpaka uso ukawa mbele ya uso, akalisema upya neno kwa neno.

"Nani anaamua nani anashuka kwenye chombo hiki?"

Mzee alimtazama midomo. "Kapteni," akajibu.

"Basi weka mkoba chini. Leo hatuondoki. Hutakaa zamu peke yako, wala mara moja. King'ora kitafungiwa taa nyekundu, moja chini, moja jikoni, moja juu ya kitanda chako. Huyu mume wangu utamfundisha kila sauti, nitamtahini mwenyewe mpaka niridhike. Nyinyi wawili mtakuwa fundi mmoja. Na jiko ni lako."

"Jiko?" Mzee alinigeukia, labda nimsaidie.

"Ni amri, baba," nikamwambia usoni, midomo wazi.

Akauweka mkoba chini. Akachomoa bisibisi mfuko wa nyuma, akaifuta kwa mkono wa ile ovaroli safi, akanipa kwa mikono miwili. Nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Fundi umeme alifunga zile taa, na nikatahiniwa kweli. Mke wangu hakunionea haya, alinifelisha mara ya kwanza. Taa zilipokuwa zinawaka na randa nimeshaitofautisha na msumeno hata nikiwa nimefumba macho, tulifungua kamba.

Siku ya kwanza ya bahari wazi nilikaa zamu chini, uso umenipauka, ndoo katikati ya miguu, bisibisi mfukoni. Injini zilikuwa zinakwenda vizuri. Mzee alishuka na kikombe cha chai, safari hii sukari, mkono mmoja umeshika reli. Alinipa chai, akaichomoa ile bisibisi mfukoni mwangu kama anayeazima, akagusisha ncha kwenye injini ya kushoto, akabana mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa kule karakana.

Alipofumbua macho nilimsogelea.

"Umesikia nini, baba?"

"Sisikii kitu, mwanangu," alisema. "Nakumbuka tu."

Akanirudishia bisibisi mfukoni. Juu, binti yake alikuwa anamwita. Nikamgusa bega, nikamwonyesha ngazi, akapanda.