Siku Nilipoliona Jino Langu

Mke wangu ndiye aliyeanza kuona. Tulikuwa mezani kwetu Kihonda, tunakunywa chai, mimi nikawa nacheka jambo fulani, yeye akaacha kucheka akabaki ananitazama mdomoni.

"Meno yako ya mbele yamekuwaje?" akauliza. "Yanapitisha mwanga kama glasi."

Nikamwambia ni uzee unakuja. Lakini moyoni nilijua kuna kitu. Kwa muda mrefu nilikuwa siwezi kunywa maji ya friji. Yakigusa meno napigwa shoti mpaka kwenye jicho. Hata upepo wa dirishani nikiwa naendesha ulikuwa unanifanya nifumbe mdomo. Mimi ni dereva wa lori la mboga. Napakia Mgeta, kabichi, karoti na njegere, nateremka nazo mpaka mjini Morogoro, kisha naingia barabara kuu kwenda kushusha Dar. Dereva anayefunga mdomo kwa kuogopa upepo ni kichekesho, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Mke wangu hakuniacha. Wiki hiyohiyo alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno mjini, akakaa nje kwenye benchi ili nisitoroke.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mpole wa sauti. Alinilaza kwenye kiti, akatazama kwa kioo chake kidogo. Kisha akachukua kamera nyembamba mfano wa kalamu, akanigeuzia skrini iliyokuwa pembeni.

"Tazama hapo, kaka."

Sikujua natazama nini. Niliona kitu kikubwa kimejaa skrini nzima, juu cheupe, kikielekea ncha kinakuwa cha kijivu, halafu cha samawati, halafu ukingoni kabisa kama hakipo. Nilipotikisika nacho kikatikisika. Ndipo nilipoelewa kuwa ni jino langu. Nimeishi nalo mdomoni tangu utotoni, nimelipiga mswaki kila siku ya Mungu, na sikuwa nimewahi kuliona.

Akasogeza kamera nyuma kwenye magego. Hapo palikuwa na vishimo vya duara, vya njano katikati, vimekaa kama madimbwi ambayo mvua huacha barabarani.

"Hii rangi ya njano ni tabaka la ndani," akasema. "Lilitakiwa lifunikwe na gamba gumu la nje, tunaliita enameli. Kwako limeliwa. Ukiwa kazini unakunywa nini?"

"Soda. Na hivi vya kopo, vya kuondoa usingizi."

"Unakunywaje?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kama watu wote, daktari. Kwa mdomo."

Akacheka, na mimi nikacheka huku nimelala. "Nauliza hivi, unaimaliza palepale au unasafiri nayo?"

Nikamweleza. Nilikuwa nasimama Mikese, nanunua chupa kubwa, naiweka pembeni ya kiti, kisha nanywa funda mojamoja mpaka naingia Dar. Ikiisha njiani nanunua nyingine. Nikifika, napiga mswaki kwa nguvu, maana mdomo unakuwa na utelezi wa sukari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza bila haraka, akionyesha kwenye skrini kwa kidole. Soda ina tindikali, hata ile isiyo na sukari. Tindikali hulainisha gamba la jino. Mate ndiyo yanayokuja kuiondoa, na kulirudishia gamba madini yaliyotoka, lakini yanahitaji muda.

"Ukinywa funda moja, mate yanaanza kazi," alisema. "Kabla hayajamaliza, wewe unaongeza lingine. Mate yako hayapumziki tangu Mikese mpaka Dar. Halafu ukifika, gamba likiwa bado laini, unalikwangua kwa mswaki."

Nililala pale nikiwa nimepigwa na butwaa. Mate! Kitu ambacho nilikuwa natema dirishani bila kukifikiria. Kumbe miaka yote hiyo yalikuwa yanashinda yananitengeneza, nikiwa nimelala, nikiwa naongea, nikiwa nawatukana wenye pikipiki pale Msamvu.

"Sasa litaota tena?" nikauliza.

"Gamba halioti." Alilisema kwa upole, kama anayenipa pole. "Chembe hai zilizolijenga zilimaliza kazi yake kabla jino halijatokeza, zikafa. Haya meno yako ya mbele yalianza kujengwa ukiwa mtoto wa miezi michache tu, ndani ya taya, chini ya meno ya utoto. Kilichojengwa wakati ule ndicho ulichonacho. Kilichobaki tunaweza kukilinda."

Alinipaka dawa ya kukaza meno, akanizibia kingo mbili zilizokuwa zinakaribia kumeguka. Akaniambia nikitaka soda niinywe pamoja na chakula, niimalize, nisukutue kwa maji, nisiguse mswaki mpaka ipite kama saa nzima. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Na pembeni ya kiti changu ikae chupa ya maji.

Nilitoka pale nimebeba maneno mawili tu, miezi michache.

Kesho yake nilipanda Mgeta kupakia. Ukishaanza kukwea ile barabara, milima inakubana huku na huku, na matuta ya mboga yanaonekana juu yako kama yamebandikwa ukutani. Nimeipita njia hiyo mara nyingi mno. Siku hiyo niliendesha polepole kuliko kawaida.

Mama yangu anaishi hukohuko, juu ya mahali tunapopakia. Nilimkuta uani anapukuchua njegere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja na uso wa msibani?"

Nikakaa chini karibu yake, nikamweleza habari yote ya daktari na skrini. Akasikiliza, mikono haisimami. Nikamuuliza, "Mama, nilipokuwa na miezi michache, nilikuwa wapi?"

"Ungekuwa wapi? Mgongoni."

"Mgongoni wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu njia ya miguu inayoteremka bondeni, ile nyembamba inayopita kando ya mashamba. Akasema kwa lafudhi yake ya Kiluguru, akiyavuta maneno, kuwa mwaka huo kabichi zilistawi, na baba hakuwepo, alikuwa kwenye vibarua vya miwa. Kwa hiyo yeye aliteremka gulioni na tenga kichwani na mimi mgongoni.

"Ukilia, nakaa kwenye jiwe, nakuzungusha mbele, nakunyonyesha. Tenga liko kichwani."

"Hukulitua?"

"Nikilitua, nani atanitwika? Njia nzima niko peke yangu."

Alilisema kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali, akachukua njegere nyingine. Nilikuwa natazama ile njia. Palikuwa na mawe, matope, na mteremko ambao mimi mwenye mikono mitupu huushuka kwa kushikilia majani. Na hapo ndipo, ndani ya taya la mtoto aliyekuwa ananyonya chini ya tenga la kabichi, meno yangu yalipokuwa yanajengwa. Maziwa yaliyolijenga gamba lile yalitoka kwa mwanamke aliyekaa kwenye jiwe, shingo imenyooka, asithubutu kuinamisha kichwa amtazame mwanawe.

"Mama," nikasema, "hebu fungua mdomo."

"Wewe una wazimu?"

"Fungua tu."

Akafungua, kwa aibu, mkono tayari kujifunika. Sikuwahi kumtazama mama yangu mdomoni. Meno yake yamesagika na kuwa bapa kwa mahindi ya kuchoma na miwa, mawili ya nyuma hayapo, lakini yaliyobaki yamejaa, mazito, hayapitishi mwanga hata kidogo.

"Soda unakunywa?" nikamuuliza.

"Ya harusini. Na nikimaliza naomba maji, utamu unanikaa kooni." Akafunga mdomo, akanipiga begani. "Inuka, watu wako wanakungoja wapakie."

Safari za mwanzo na chupa ya maji zilikuwa ngumu. Mdomo ulizoea kupewa kitu, na maji hayana hadithi. Pale Mikese madereva wenzangu walinicheka, wakaniita mlokole wa soda. Nikawa nakula wali wangu pale mezani, nakunywa soda ndogo kwa mrija mpaka iishe, nasukutua, naondoka. Siku nyingine siinywi kabisa na sikumbuki. Ile shoti ilipungua polepole, na siku moja nikagundua nimeendesha dirisha likiwa wazi mpaka Chalinze.

Niliporudi kwa daktari baada ya miezi kadhaa, alipima, akalinganisha na picha za mwanzo. "Tatizo limesimama palepale," akasema. "Halijaenda mbele." Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amefaulu.

Binti yetu wa mwisho yuko shule ya msingi, na mwaka huu meno yake ya utoto yanang'oka. Jumapili iliyopita alikuwa amelala kwenye mkeka ananisimulia ugomvi wa shuleni, mara nikaliona jino jipya la mbele limetoka nusu kwenye fizi. Ukingo wake bado una meno madogo madogo kama msumeno, vinundu vitatu ambavyo bado havijasagwa na chochote. Jeupe zito, lina mistari myembamba sana ya mlalo, ambayo nisingeiona kama sikuwa nimefundishwa kutazama.

Nikamwambia aendelee kusimulia. Akaendelea, akafika mwisho, akaanza tena, na mimi sikusikia hata neno moja. Mpaka akauliza, "Baba, mbona unatazama hivyo?"

Nikamwita mama yake atoke jikoni, naye aje aone.