Wekundu Nyuma ya Kinyonga

Leo nimembandika binti yangu plasta gotini, na harufu yake ikanirudisha nyuma ya nyumba yetu ya estate, kwenye ua wa michongoma.

Filamu ya kamera ya baba ilikuwa imebakiza picha moja tu, na hiyo ilikuwa ya mama. Alikuwa ameshajifunga leso yake nyekundu nilipopiga kelele: kwenye mchongoma palikuwa na mtoto wa kinyonga, mdogo kama njiti ya kiberiti. Baba, ambaye alikuwa fundi wa saa, akaleta kioo chake cha kukuzia, akakibandika kwa plasta mbele ya lenzi.

"Na picha ya mama?" nikauliza.

"Mpigeni picha huyo mdudu wenu," mama akasema. "Mimi niko tu."

Mama alimwogopa kinyonga kuliko nyoka. Hata hivyo alichuchumaa nyuma ya tawi, akaelekeza kifuniko cha sufuria kumwangazia jua. "Fanyeni haraka, jamani!"

Picha hiyo ningali nayo. Kinyonga ametoka vizuri, hata magamba unaweza kuyahesabu. Ila wageni wakiishika, mimi huwaonyesha ule wekundu uliofifia nyuma yake.

"Huyo," nawaambia, "ni mama yangu."